Lahaja haivunji nyumba, dharau ndiyo huivunja

Unaukumbuka ule wimbo wa filamu ya RRR? Wale mabwana wawili, suruali zimeshikwa na mikanda ya mabegani, wanarusha miguu hadi vumbi linatimka? Naatu Naatu. Mnamo Machi 2023 ulishinda tuzo ya Oscar, na TikTok ikajaa watu wakijaribu zile hatua na kuanguka.

Sasa nikuulize: naatu ni nini?

Kule wanakoongea Kitelugu, kuku wa kienyeji huitwa naatu kodi. Kodi ni kuku (tulia, si kodi ya nyumba). Naatu ni kienyeji. Kwa hivyo ule wimbo uliotikisa ukumbi wa Oscar, ukiuleta kwetu mtaani, jina lake ni "Kienyeji Kienyeji".

Aliyeandika maneno yake, Chandrabose, ni mtoto wa kijijini Telangana. Aliyetunga muziki, M. M. Keeravani, anatoka upande wa mto Godavari, karibu na pwani. Wote wawili ni Watelugu. Lakini kwa miaka mingi watu wa pande hizo mbili wamevutana kuhusu nani anaongea Kitelugu safi na nani anaongea cha kishamba. Mwaka wa 2014 jimbo lao liligawanywa mara mbili.

Leo nataka niwaweke hao Watelugu kando ya watu wengine walio mbali nao kabisa: Wakurdi. Najua utasema, msee, hao wanahusiana wapi? Kwa ukoo wa lugha, hawahusiani. Kikurdi ni binamu ya Kifarsi cha Irani, na ukipanda juu zaidi kwenye huo mti wa ukoo utakikuta Kiingereza. Kitelugu ni cha ukoo wa Kidravidi, ndugu yake ni Kitamil na Kikannada cha kusini mwa India. Ila wote wana duka. Kweli kabisa: Mkurdi husema dikan au dukan, Mtelugu husema dukanam, na wewe unatumwa dukani kununua maziwa. Neno moja la Kiarabu limesafiri na wafanyabiashara likafika kote.

Nawaweka pamoja kwa sababu ukiwatazama kwa zamu, utaona kitu ambacho shule haikutuambia. Lahaja za Kikurdi ziko mbali sana, na bado wengi wa wenyewe wanasema wao ni wamoja. Lahaja za Kitelugu ziko karibu sana, na bado wenyewe waliachana. Kwa hivyo si tofauti ya maneno inayotenganisha watu. Ni dharau.

Acha nikuonyeshe.

WAKURDI: JINA MOJA, NDIMI NYINGI

Wakurdi wanakadiriwa kuwa kati ya milioni 30 na milioni 40. Kwao ni ile milima ambapo Uturuki, Iraki, Irani na Syria zinakutana. Hawana nchi yao. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, mkataba wa Sèvres wa 1920 uliwapa matumaini kidogo. Mkataba wa Lausanne wa 1923 ukayafuta. Mipaka ikapita katikati ya ukoo, wengine wakaamkia Uturuki, wengine Iraki.

Lugha yao ina matawi makubwa mawili. Kikurmanji kinaongewa Uturuki, Syria, kaskazini mwa Iraki kwenye mkoa wa Duhok, na hata Armenia. Kisorani kinaongewa miji kama Sulaymaniyah na Erbil upande wa Iraki, na Mahabad na Sanandaj upande wa Irani. Kusini zaidi, Kermanshah na Ilam, kuna lahaja zingine. Halafu kuna Kizazaki na Kihawrami, ambazo wataalamu wengi wa isimu huziweka kando kama lugha tofauti, ingawa wazungumzaji wengi wanajiita Wakurdi bila kusitasita.

Sasa hebu sikiliza tofauti. Maji kwa Kikurmanji ni av, kwa Kisorani ni aw. Usiku ni şev, kule ni şew. Jina ni nav, kule ni naw. Unaona mchezo? Penye v mmoja anaweka w. Mpaka hapo mambo ni rahisi, unaweza kukisia.

Lakini ingia ndani kidogo. Ukitaka kuuliza "Jina lako ni nani?", Mkurmanji atasema navê te çi ye. Msorani atasema nawit çiye. Tofauti yake unaijua tayari bila kwenda chuo: mmoja amesema "jina lako", mwingine amesema "jinalo". Ule wa pili amelikunja neno la kumiliki akalibandika mkiani.

Na ile -ê katika navê si pambo. Kikurmanji kina nomino za kiume na za kike. Mwanangu wa kiume ni kurê min, binti yangu ni keça min. Ukikosea ile irabu, wanasikia mara moja, kama vile wewe unavyosikia mtu akisema "kitabu yangu". Kisorani kimeachana na mambo hayo karibu yote. "Mimi" kwa Kikurmanji ni ez, kwa Kisorani ni min. "Kubwa" ni mezin upande mmoja na gewre upande mwingine, maneno yasiyofanana hata herufi moja mwanzoni.

Bado sijafika kwenye maandishi. Mwaka wa 1932, mjini Damascus, Celadet Alî Bedirxan alianzisha jarida la Hawar akitumia alfabeti ya Kilatini aliyoitengenezea Kikurdi. Kikurmanji cha Uturuki na Syria kinaandikwa hivyo hadi leo, na siku lilipotoka toleo la kwanza, Mei 15, ndiyo Siku ya Lugha ya Kikurdi. Lakini Kisorani kinaandikwa kwa herufi za Kiarabu zilizoongezewa alama. Kwa hivyo kijana wa Diyarbakır akimtumia wa Sulaymaniyah ujumbe kwa simu, kila mmoja akiandika alivyofunzwa, ujumbe unafika lakini hausomeki. Hata Google Translate imewaweka mara mbili: kuna Kikurdi cha Kikurmanji, kilichoingizwa 2016, na kuna Kisorani, kilichoingizwa 2022. Kitelugu kimo mara moja tu.

Ungetarajia watu kama hao waseme, "Sisi ni makabila mawili, kila mtu ashike njia yake." Mbona wengi wao hawasemi hivyo?

Kwa sababu waliokuwa wakiwapiga hawakuuliza lahaja. Uturuki, sheria nambari 2932 ya 1983 ilipiga marufuku kuchapisha au kutangaza kwa Kikurdi, na ilidumu hadi 1991. Herufi q, w na x hazimo kwenye alfabeti ya Kituruki, na mzazi aliyetaka kumsajili mtoto kwa jina lenye herufi hizo angeweza kukataliwa ofisini. Hata sikukuu yao ya mwaka mpya, Newroz, ilitakiwa iandikwe Nevruz. Fikiria mtu anabishana na serikali juu ya w. Marufuku ya herufi hizo iliondolewa 2013, juzi tu, wewe ukiwa tayari umezaliwa.

Mwaka wa 1991 mbunge Leyla Zana aliapishwa katika bunge la Uturuki. Alisoma kiapo kwa Kituruki kama sheria inavyotaka, kisha akaongeza sentensi kwa Kikurdi, kwamba anafanya hivyo kwa ajili ya udugu wa watu wa Uturuki na Wakurdi. Ukumbi ukalipuka kwa kelele. Mwaka wa 1994 aliondolewa kinga ya ubunge akafungwa, na hakutoka hadi 2004.

Mtu aliyeona hayo hawezi kukaa chini kumchambua Mkurdi mwenzake kuhusu av na aw.

Ila sitaki nikuuzie hadithi tamu. Wakurdi nao, walipopata mahali pa kujitawala, walianza kuulizana: Kikurdi cha nani? Katiba ya Iraki ya 2005 ilikifanya Kikurdi kuwa lugha rasmi pamoja na Kiarabu. Vizuri. Lakini Kikurdi kipi? Kisorani kilikuwa na nguvu tangu zamani. Sulaymaniyah ulijengwa 1784 kama makao ya watawala wa Baban, washairi wakubwa waliandikia huko, na wakati wa Waingereza ndicho kilichoingia shuleni na ofisini. Mwaka wa 2008 kundi la wasomi na waandishi likaomba Kisorani kifanywe ndicho Kikurdi rasmi pekee. Wenye Kikurmanji wa Duhok wakasema, ngoja kidogo, sisi tumenyamazishwa Uturuki, sasa mnataka kutunyamazisha tena nyumbani?

Hapo ndipo penye funzo. Lahaja zilikuwa mbali vilevile tangu zamani, na hakuna sarufi iliyobadilika mwaka huo. Kilichobadilika ni kwamba upande mmoja ulianza kuonekana unataka kuwa mwenye nyumba na mwingine awe mpangaji. Stesheni kadhaa za huko zilichagua njia nyingine, zinatangaza kwa Kisorani na kwa Kikurmanji, na mtazamaji anazoea yote mawili.

WATELUGU: MANENO KARIBU, MIOYO MBALI

Tuhamie kusini mwa India. Sensa ya India ya 2011 ilihesabu zaidi ya watu milioni 81 wenye Kitelugu kama lugha ya mama. Hao ni wengi kuliko Wakenya wote. Tofauti na Wakurdi, hawa wana kila kitu: alfabeti moja, serikali inayoongea lugha yao, magazeti, vyuo, na sinema inayotingisha dunia.

Na lahaja zao? Kwa kawaida watu hutaja nne. Kuna ya pwani ya kati, kwenye mabonde ya Krishna na Godavari. Kuna ya Rayalaseema, eneo kavu la Kurnool, Kadapa, Anantapur na Chittoor. Kuna ya kaskazini ya Andhra, Srikakulam na Visakhapatnam. Na kuna ya Telangana, ambako ndiko Hyderabad.

Weka ya pwani na ya Telangana pamoja. "Wakati ule" pwani ni appudu, Telangana ni gappudu. "Hivyo" pwani ni ala, Telangana ni gatla. "Nilikuja" pwani ni vachanu, Telangana utasikia accina. Mtelangana pia ana maneno mengi yaliyotoka Kiurdu, kama pareshan kwa mtu aliyesumbuka na dawat kwa karamu. (Wakurdi nao wana perîşan, maana ileile karibu. Kiajemi kilitembea sana.)

Ni hayo tu. Sarufi kimsingi ni moja. Hakuna mambo ya nomino za kike upande huu na upande ule hazipo. Hakuna maandishi mawili. Mtu wa Guntur akikutana na mtu wa Warangal wataelewana tangu salamu, kama wewe na binamu yako wa Tanga.

Mbona basi waliachana?

Tuanze na pesa, kwa sababu lugha safi huwa na mtaji nyuma yake. Pwani ilitawaliwa na Waingereza chini ya Madras. Mhandisi Arthur Cotton akajenga boma la maji kule Dowleswaram kwenye mto Godavari, likakamilika 1852. Maji yakaingia mashambani, mpunga ukakubali, wakulima wakapata hela. Hela zikazaa shule, shule zikazaa magazeti na vitabu, na baadaye ndio waliokuwa na mtaji wa kutengeneza filamu. Kitelugu cha mabonde hayo kikawa "Kitelugu" tu, bila jina la mahali. Huo ndio ushindi mkubwa kuliko wote: yako inakuwa lugha, ya mwenzako inakuwa lafudhi.

Telangana ilikuwa chini ya Nizam wa Hyderabad hadi 1948. Lugha ya serikali ilikuwa Kiurdu. Chuo Kikuu cha Osmania, kilichoanzishwa 1918, kilifundisha kwa Kiurdu. Kitelugu kilibaki nyumbani, shambani na sokoni. Kwa hivyo maneno ya Kiurdu kuingia mdomoni mwa Mtelangana haukuwa ushamba wala uvivu. Ni historia yake ilimpitia hapo.

Kisha mwaka wa 1952 Potti Sriramulu alifunga kula akidai jimbo la Watelugu. Baada ya siku 58 alifariki, na jimbo la Andhra likapatikana 1953. Mwaka wa 1956 Telangana ikaunganishwa nalo, Andhra Pradesh ikazaliwa. Wazo lilikuwa zuri kabisa: lugha moja, jimbo moja.

Lakini ndani ya nyumba, watu wa Telangana walilalamika kwamba maji, fedha na ajira zinaenda kwa wenzao. Nisikudanganye, hayo ndiyo yaliyokuwa moto wenyewe, na maandamano makubwa yalitokea 1969 na tena kuanzia 2009. Lahaja peke yake haikugawanya jimbo. Ila kulikuwa na kidonda kingine kilichouma kila siku, na hakikuhitaji bajeti kukiona: sinema.

Kwa miaka mingi shujaa wa filamu za Kitelugu aliongea lahaja ya pwani. Nani aliongea ya Telangana? Mhuni. Mchekeshaji. Mtumishi anayepigwa makofi. Na ya Rayalaseema? Hiyo aliwekewa bwana mwenye panga, anayetishia kuua ukoo mzima. Sasa wewe ni mtoto wa Karimnagar, umelipa tiketi, umekaa gizani na mamako. Kila mtu anayeongea kama mamako kwenye skrini ni mwizi au ni kichekesho. Ukumbi unacheka. Na wewe unacheka, kwa sababu utafanya nini?

Ukiambiwa kesho yake kwamba hao wanaokucheka pia wamechukua maji yako na kazi yako, utahitaji kushawishiwa sana?

Juni 2, 2014, Telangana ikawa jimbo lake. Lugha moja, majimbo mawili. Hata sikukuu za lugha zikagawanyika. Andhra huadhimisha Agosti 29, siku aliyozaliwa Gidugu Ramamurthy, aliyepigania Kitelugu kinachoongewa kiandikwe badala ya kile kizito cha vitabuni. Telangana huadhimisha Septemba 9, siku aliyozaliwa mshairi Kaloji Narayana Rao, aliyepigania lahaja ya kwao iheshimiwe. Ukiwaangalia vizuri, wazee hao wawili walikuwa wanasema jambo moja: andika vile watu wanavyoongea. Ila kila mmoja alikuwa na watu wake akilini.

Na angalia kilichofuata, hiki ndicho kinanipa moyo. Mwaka wa 2017 ikatoka Fidaa, na shujaa wa kike, aliyeigizwa na Sai Pallavi, anaongea lahaja ya Telangana mwanzo hadi mwisho, kwa kiburi. Mwigizaji mwenyewe si wa huko, lugha yake ni nyingine, ila aliisoma na akaweka sauti yake mwenyewe. Mwaka wa 2021 Allu Arjun akaigiza Pushpa akiongea kama watu wa Chittoor, akapata tuzo ya kitaifa ya mwigizaji bora. Mwaka wa 2023 Balagam, filamu kuhusu msiba katika familia ya kijijini Telangana, ikatikisa pande zote mbili. Watu wa pwani walilia sinemani kwa lahaja waliyozoea kuicheka.

Maneno hayakubadilika. Gappudu ilibaki gappudu. Aliyebadilika ni mtu aliyepewa ayaseme.

"LAKINI SI LAZIMA KUWE NA SANIFU?"

Najua kuna mmoja wenu, labda ulipata A kwenye Kiswahili, anasema: huyu jamaa anatuambia kila mtu aongee anavyotaka? Mtihani utasahihishwaje? Vitabu vitachapishwa vipi?

Swali zuri, na sitalikwepa. Wakurdi wanalipa bei ya kutokuwa na maandishi mamoja. Kitabu kinachotoka Sulaymaniyah hakisomeki kirahisi Diyarbakır. Soko la mwandishi linakatwa katikati. Mtoto wa wakimbizi aliyezaliwa Ujerumani akitaka kujifunza lugha ya babu yake, kwanza lazima aulize ni ipi. Hiyo si sifa, ni mzigo. Watelugu, kwa kuwa na maandishi mamoja, wameweza kusomana hata wakiwa wamenuniana.

Kwa hivyo mimi siko dhidi ya lugha sanifu. Ninayoandika sasa hivi, ukiondoa utani wangu, ni hiyo. Sanifu ni daraja. Linakusaidia kuvuka hadi kwa mtu usiyemjua. Shida huanza pale mtu anapolichomoa daraja akaligeuza fimbo.

Na sisi hatuna haki ya kujifanya wageni kwenye stori hii. Mwaka wa 1928 mkutano ulifanyika Mombasa kuamua lahaja ipi iwe msingi wa Kiswahili sanifu. Kimvita cha Mombasa kilikuwa na washairi wake, Kiamu cha Lamu kilikuwa na mashairi ya karne kadhaa. Kikachaguliwa Kiunguja. Kimvita kilishindwa kikiwa nyumbani kwao, mbele ya wageni. Tangu hapo, mtoto wa Mombasa anayesema mtele na kitwa, maneno ya bibi yake na ya mashairi, anaandika mchele na kichwa ili asikatwe alama. Sawa, mtihani ni mtihani. Lakini kuna mwalimu wa kumwambia, "Haya ya bibi yako ni Kiswahili, tena cha zamani," na kuna wa kumwambia, "Hiyo ni makosa." Alama ni ileile. Mtoto anayetoka darasani si yuleyule.

KESI YANGU MWENYEWE

Nikiri kitu. Nikiwa bado chuoni, kabla sijaacha, tulikuwa na jamaa darasani ambaye r na l zilimsumbua. Siku moja alisimama kutetea kazi ya kikundi chetu. Alikuwa ndiye aliyeifanya kazi, sisi wengine tulibandika tu majina. Akashrabu neno moja. Darasa likaanguka. Mimi ndiye niliyecheka kwa sauti kuliko wote, na wiki nzima nikawa namwiga kwenye kantini.

Hakunikasirikia. Alicheka pia. Ila muhula uliobaki hakuwahi kusimama tena kusema chochote darasani. Akiulizwa, anatikisa kichwa. Mtu aliyejua kazi kuliko sisi wote alinyamaza, na ni mimi niliyemfunga mdomo, bila sheria nambari 2932, bila polisi. Kicheko tu.

Niliposoma kuhusu yule mtoto gizani sinemani Telangana, nilimfikiria yeye. Na nilijua nimekaa kiti gani katika ule ukumbi.

Wewe umekaa kipi? Maana meme za lafudhi tunazitengeneza kila siku. Mtu wa pwani tunasema anaongea polepole kwa sababu ni mvivu. Mtu wa Magharibi tunamwekea kichekesho cha mlinzi. Tangazo la redio likitaka mjinga, tayari unajua atapewa sauti ya watu gani. Tunaita utani, na mara nyingi ni utani kweli, sikatai, utani wa makabila ni wa tangu zamani na una raha yake. Jaribu kipimo hiki: je, yule anayeigwa huwa anapewa pia nafasi ya kuwa shujaa? Kama lafudhi yake inaingia kwenye video pale tu anapohitajika mpumbavu, huo si utani tena.

Kwa hivyo ninakuomba mambo madogo. Ukitengeneza video, mpe mwenye lafudhi nzito jukumu la daktari, uone kama kichekesho chako bado kinasimama. Mtu akishrabu akieleza jambo la maana, sikiliza jambo. Na ukirudi ushago, muulize bibi neno moja ambalo hulijui, ulitumie mjini bila kuomba msamaha.

Wakurdi wametuonyesha kwamba watu wanaweza kutofautiana hadi kwenye alfabeti na bado wakaitana ndugu, mradi hakuna anayejifanya mwenye nyumba. Watelugu wametuonyesha kwamba unaweza kufanana na mwenzako hadi kwenye kila herufi, na bado akachoka na kicheko chako akahama.

Na halafu mmoja wa Telangana na mmoja wa Godavari wakaketi pamoja, wakauita wimbo wao Kienyeji, na dunia nzima ikasimama kuucheza.